Ombi la Kuondolewa Ukuta Usioharibika

Sugoi, kupitia Eldoret
12 Januari 1987

Kwa Bwana Gichuru,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Eldoret mjini

Bwana mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na duka lako salama. Mimi ni Johnstone Kiprotich, karani wa kupima mahindi, yule mteja wa mwezi wa Machi aliyekaa dukani kwako kutoka asubuhi mpaka saa nane akichagua ukuta wa nyumba. Utanikumbuka kwa sababu mwishowe ulinitafutia kiti.

Ulinionyesha vitu vitatu. Mbao, nikasema zitaoza. Mabati, nikasema mvua ya mawe ya huku itatutoa masikio. Ndipo ukaleta yale mabamba ya saruji iliyochanganywa na nyuzi, ukaligonga moja kwa ngumi na kusema, "Mzee, hii mchwa hakuli, moto haichomi, maji haiozeshi. Ukipiga leo, ni wajukuu watakuja kubandua." Nilifurahi sana. Wiki hiyo hiyo niliubomoa ukuta wangu wa udongo, na fundi akafunga mabamba yako kwa skrubu pande zote, nje na ndani.

Sasa nakuandikia kulalamika, kwa heshima zote, kwamba kila ulichosema kilikuwa kweli. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta hauharibiki. Kila Jumapili baada ya kanisa nimeuzunguka nikitafuta ufa. Mvua ya Aprili ilipita, ya Agosti ikapita. Mchwa walipanda mpaka kwenye magoti ya nyumba, wakageuka, wakaenda kula choo changu.

2. Desemba ilifika. Wewe ni mtu wa mjini, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu akina mama hukandika nyumba kila mwaka kabla ya Krismasi. Huenda kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja na ndoo yake ya udongo na mavi ya ng'ombe. Mwenye nyumba hupika chai. Habari zote za Sugoi huzungumzwa hapo, mikono ikiwa ukutani. Mke wangu, Hellen Jemutai, aliamka mapema akapika sufuria mbili za chai na karai nzima ya mandazi. Akina mama wakafika mpaka langoni. Mama Tryphosa, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akautazama ukuta wako na kusema, "Hapa hakuna kazi. Hii ni ofisi." Wakapita. Nilikula mandazi siku sita.

3. Hilo neno la ofisi halikuishia kwa Mama Tryphosa. Wapita njia wamelishika. Mzee mmoja kutoka Chepsaita alivua kofia mlangoni, akasimama, akaniomba fomu ya kitambulisho. Nilipomwambia hapa ni kwa mtu, aliuliza arudi lini. Halafu wakaja vijana wa chama, watatu, wakauliza kwa nini ofisi nzuri namna hii haina picha ile ambayo kila ofisi inayo. Sikubishana nao, nawe pia usingebishana. Nilinunua picha. Lakini msumari hauingii kwenye bamba lako, Bwana Gichuru, unapinda. Kwa hiyo picha imewekwa juu ya kiti cha wageni, na hakuna anayeweza kuiondoa hapo ili akae. Mimi mwenyewe nikipita mbele yake nafunga vifungo vya shati.

4. Nilijaribu kusaidia. Tarehe ishirini na saba Desemba nilichota udongo mtoni, nikachanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, nikaukandika ukuta wako kwa mikono yangu. Mwanamume kukandika nyumba ni jambo ambalo Sugoi haikuwahi kuliona, na ilikuja yote kuliona. Kufika jioni udongo ulikuwa umekauka, ukadondoka wote kwa pamoja, na ukuta ukabaki safi kuliko mwanzo. Watu walipiga makofi. Tangu hapo nimeumwagia maji jioni tisa, nikaugonga kwa mpini wa jembe, nikafunga mbuzi wanne waje wajikune. Mbuzi wamenenepa.

5. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mke wangu amehamia jikoni. Jiko letu bado ni la udongo, liko nyuma ya nyumba. Alibeba kitanda chake na redio, akasema kule kuna joto. Akina mama wanamtembelea huko, nasikia wakicheka. Mimi chakula changu huletwa, hufunikwa kwa sahani, na anayekileta huondoka. Nina miaka hamsini na moja. Nikikaa peke yangu ndani ya ukuta utakaobanduliwa na wajukuu, nahesabu miaka iliyobaki na naona ni mingi. Nina upweke, Bwana. Sikujua ukuta unaweza kumfanyia mtu hivi.

Kwa sababu hizo naomba ufanye mojawapo ya haya. Uniuzie dawa ya kuozesha, ya kiasi, inayokula inchi mbili kwa mwaka. Au unibadilishie mabamba haya kwa mengine duni, yenye hakikisho la maandishi kwamba hayatazidi miezi kumi na miwili. Au, yote yakishindikana, utume fundi ayabandue, na mimi nirudie udongo kama wenzangu.

Wasalimie wafanyakazi wako wote, na yule aliyenifungia mzigo kwa kamba, na mama wa nyumbani kwako kama hajahama.

Ni mimi mteja wako mtiifu,
Johnstone Kiprotich

N.B. Bwana Gichuru, mwandiko umebadilika kwa sababu sasa ni mimi, Hellen. Amenipa barua nimtafutie bahasha. Usitume fundi. Ukuta wako hauna makosa yoyote. Miaka kumi na tisa nimebeba maji na mavi ya ng'ombe kila Desemba, na mgongo wangu unajua. Hata Mama Tryphosa ameniuliza unauza wapi. Mimi nilienda Kapsabet wiki mbili kumuuguza dada yangu, nikarudi nikakuta ukuta wangu umetupwa shimoni. Hakuniuliza, na hata leo, kurasa hizi zote, bado hajauliza. Anakuuliza wewe. Tunataka mabamba ya jikoni. Nitakuja Jumanne, na yeye atakuja pia. Mimi nitachagua, yeye atabeba. Tukifika nyumbani atabeba na kitanda changu, akirudishe.