Mguu Umepona, Mimi Bado

Leo nimeaibika kanisani. Mbele ya watu wote, kwaya ikiwemo. Nimemwangusha mchungaji.

Acha nianze mwanzo, maana najua video mshaiona na kila mtu ana hadithi yake.

Kwa wasionijua: nilivunjika shingo kwa ajali ya pikipiki. Miguu hainisikii kabisa, vidole vya mikono vinanisikia vikitaka. Nacheza raga ya viti vya magurudumu huko Homa Bay, ile ya kugongana. Siku ambazo sigongi watu, nazunguka makanisani na sokoni nikiwaomba wazazi wawatoe nje watoto wenye ulemavu. (Naongea sana. Nimeshaambiwa.)

Leo nilikuwa na mtu mmoja tu kichwani: Mama Atieno, jirani yangu hapa Rangwe. Binti yake anatumia kiti kama mimi, lakini hajawahi kuonekana hata langoni. Nimemwomba mama huyu amlete mazoezini mpaka nimechoka. Jibu ni lile lile: "Tutaona." Mara hii alikubali angalau kuja kunisikiliza. Akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Nilitaka aone mwanamke anayejiweza. Gauni jipya la kitenge, rangi ya mdomo, viatu vya kuchuchumia ambavyo havijawahi kukanyaga chochote. Ule mkanda ninaofungia miguu nikauacha nyumbani, ungelikunja gauni. (Hapa ndipo mnapaswa kuguna.) Kwa sababu miguu yangu ikishikwa ghafla, misuli inakaza na mguu unaruka wenyewe. Hauniombi ruhusa.

Nikapewa maikrofoni. Niliongea vizuri, lazima niseme. Nikawaambia sihitaji huruma, wala kuombewa kila nikienda sokoni kununua omena, dagaa wetu wa ziwani. Watu wakasema "Amina!" Mchungaji naye akasema "Amina!" kubwa kuliko zote. Ni mgeni kwetu, amehamia juzi kutoka upande wa Migori, bado ana moto. Sijui katika hotuba yote alibaki na nini.

Akashuka madhabahuni, akapiga magoti mbele yangu.

"Dada, unaamini?"

"Naamini, Pasta, lakini tafadhali usishike..."

Akashika. Magoti yote mawili, kwa nguvu.

Mguu wa kulia ukaruka. Kiatu kikachomoka, kikaenda kutua kwa kwaya ya akina mama.

Halafu mtu akapaza sauti, "Nyasaye ber!" Mungu ni mwema! Vigelegele vikalipuka. Mpiga kinanda hakungoja kuambiwa. Simu zikainuliwa juu.

"Pasta, hiyo ni misuli tu!"

"Usikatae baraka, dada! Inuka!"

Akanikamata kwapani, akaniinua. Na jamani, nikasimama! Misuli ilikuwa bado imekaza, miguu imenyooka kama mwiko. Nikamwona mchungaji utosini (sikujua ni mfupi hivyo). Watu wakaanza kulia machozi. Mchungaji, kwa imani kubwa sana, akaniachia.

Misuli ikalegea.

Nilimwangukia mzima mzima. Yeye chini, mimi juu, kitenge kimemfunika uso. Kinanda kiliendelea kidogo, kikaona aibu, kikanyamaza.

"Pasta, uko sawa?"

"Niko sawa, dada. Sasa shuka."

"Siwezi kushuka, Pasta."

Akafikiria. "Basi tungoje."

Akina mama wa kwaya wakaja kunibeba, wakanirudisha kwenye kiti na kiatu changu mapajani. Sikuumia popote. Lakini nilipotazama nyuma nikamwona Mama Atieno amesimama, roho ikaniuma sana. Nikajua nimempoteza. Sasa atamfungia binti yake ndani, angoje muujiza wake.

Hakwenda mlangoni. Alikuja mbele, akainama karibu na sikio langu.

"Hiyo mguu yako inarukanga hivyo?"

"Kila siku, mama. Ni misuli tu. Kwa timu yetu wengi wanarukanga."

"Si pepo?"

"Si pepo. Uliza daktari yeyote."

Akashika mdomo. "Yawa! Ya Atieno inaruka hivyo hivyo. Wageni walikuja kwangu wakaona, wakatoroka wakisema nimefuga pepo. Tangu hiyo siku sijamtoa nje."

Nikalia, rangi ya mdomo ikaharibika. Yeye akanipangusa na leso yake, akauliza, "Hiyo mazoezi yenu ni siku gani?"

Ni Jumamosi. Atieno anakuja. Kocha naye ameshaiona video, anauliza kama siku hiyo nitafika kwa miguu. Tafadhali mtu asicheke. Miaka yote hii nimezunguka nikihubiri kwa mdomo, kumbe mwenye kipawa ni mguu.