Ulimi wa Mpishi Mkuu

Jumatatu, 4 Machi
Mchuzi umerudishwa jikoni. Umerudishwa! Wanachuo wamedai wamekunywa bahari. Nami niliuonja kwenye kiganja, nikaona hauna chumvi hata chembe, nikaongeza. Ijumaa mkuu wa chuo analeta wageni. Amesema nikiharibu tena, cheo kinakwenda kwa msaidizi wangu, yule tunayemwita Kipimo. Kipimo hakucheka. Alimenya viazi tu, akavitumbukiza sufuriani vinyonye chumvi. Ana akili mwanamke huyu. Inaudhi.

Jumanne, 5 Machi
Zahanati. Nimeeleza yote: chakula hakina ladha, jeraha la kisu haliponi, nywele zinapukutika. Daktari kanipima uzito mara mbili, akidhani mizani imekosea. Majibu ya damu jioni: nina upungufu wa madini ya zinki. Nimecheka. Mimi, ambaye tumbo hutangulia kuingia mlangoni, nipungukiwe! Kajibu kwamba hata ghala lililojaa pumba limejaa, na kwamba watu wanene wengi huwa hivyo. Kidonge kimoja kwa siku, baada ya kula. Nipunguze mafuta na sukari, nile maharage, mayai, mbegu za maboga. Ladha itarudi polepole. Polepole! Ijumaa haijui polepole.

Jumatano, 6 Machi
Hesabu rahisi: kimoja huponya polepole, sita haraka. Nimevimeza alfajiri, tumbo tupu, visichanganyike na chakula. Kufikia saa tatu nimekumbatia ndoo ya maganda. Kipimo kanishikia kofia, kaniuliza kwa upole kama mimba ina miezi mingapi. Jiko zima limeangua kicheko. Nyumbani mke wangu kasema mwenye pupa hadiriki kula tamu, kavitia vidonge mkobani mwake, atanipa kimoja kimoja.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya! Kipimo anaonja, eti "ajifunze". Mimi nasoma uso wake. Nyusi zikipanda, chumvi imezidi. Akilamba midomo, tayari. Safi kabisa. Hakuna anayeshuku.

Ijumaa, 8 Machi
Mchuzi wa wageni. Kipimo kaonja, uso mkavu kama ubao. Kisha kasema, kaka, nimechoka kukukodisha uso wangu, sema tu kwamba ulimi umelala. Kumbe anajua tangu mwezi uliopita! Kila sufuria niliyoiharibu aliirekebisha nilipogeuka. Ya Jumatatu ilimponyoka kwa kuwa alikuwa ghalani. Nikaketi juu ya gunia la mchele, nikakiri. Angenyamaza tu, cheo kingekuwa chake. Badala yake kaongeza chumvi, kakamua ndimu, kafunika. Mkuu kaomba sahani ya pili, kanisifu mbele ya wageni. Kipimo kapiga makofi! Nimemuuliza kwa nini. Kasema cheo atakichukua siku ulimi wangu utakapokuwa mzima, nisije nikapata kisingizio.
Sijawahi kuona mtu wa namna hii.

Jumapili, 31 Machi
Yai la leo asubuhi lina ladha ya yai! Nilitokwa na machozi, mke wangu akadhani ni kitunguu. Nimempigia Kipimo simu. Kafurahi kweli, kasema haya basi, shindano lianze. Mwanamke wa dhahabu! Lazima nimpite.
Nimetafakari sana ile Jumatano. Kosa halikuwa vidonge sita. Kosa lilikuwa tumbo tupu. Mke wangu yuko sokoni, mkoba wenye vidonge kauacha kitini. Nimepika wali wa kulisha watu wanne na nimekwisha kaa mezani. Nakula kwanza, kama daktari alivyoagiza.