Pingamizi la Ndoa ya Schmidt na Schmidt

Nyakakika, Karagwe
9 Juni 1986

Kwa Mheshimiwa Mchungaji Anatory, mjukuu wangu,

Tangu mavuno ya kahawa ya mwaka jana hujakanyaga hapa. Huko Nkwenda unakochunga ni ng'ambo ya bahari? Nilikubeba mgongoni mpaka kiuno kikalegea, leo habari zako nazisikia kwenye matangazo ya kanisa kama mtu baki. Haya, hujambo? Mimi mzima. Anayeandika ni Eustadia. Maneno ni yangu.

Jana ilisomwa kwamba Jumapili ijayo utakuja kubariki ndoa ya Bwana Karl Schmidt, yule mzungu fundi wa matangi ya maji, na Bi. Ursula Schmidt, muuguzi wa zahanati. Kwa heshima zote, naweka pingamizi:

1. Schmidt na Schmidt ni ukoo mmoja. Hapa kwetu hata mwizi wa ndizi haoi dada yake.

2. Usiniambie ni majina tu. Daktari aliyempasua Gaspari ngiri alikuwa Schmidt. Aliyetufundishia kwaya, Schmidt. Redio ilisema hata mkuu wa serikali yao, yule aliyeondoka miaka michache nyuma, ni Schmidt. Ukoo una mtawala, una mganga, una fundi, halafu umekosa mzee mmoja wa kuwaambia watoto, "Nyie, acheni"?

3. Nilimwuliza Karl mwiko wa ukoo wao ni mnyama gani, maana sisi hatuli pongo. Akasema, "Bibi, mimi nakula kila kitu." Nikamwambia, "Hilo naliona, baba." Mtu asiye na mwiko atamjuaje dada yake?

4. Nilipougua homa, Ursula alikaa nami siku tatu akininywesha uji kama mtoto. Siwezi kupiga vigelegele huku anaingizwa kwenye aibu. Ndizi za rubisi, pombe ya harusi, zimeiva shimoni. Sizikamui.

5. Kwa hiyo simamisha ndoa, umwandikie yule mtawala, mkubwa wao, aje mwenyewe tuhesabu mababu. Atalala kwa jirani Dafroza, kwangu kunavuja. Akikataa, akina Schmidt wote warudi kwao wakagawane majina upya, kila nyumba na lake, ndipo waje kuoana.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule katibu wa usharika anayejifanya hanijui.

Ni mimi niliyekukata kucha za kwanza,
Bibi yako Kokuhirwa
(dole gumba)

N.B. Ursula amepita hapa, Eustadia amemsomea yote. Amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe walishafunga ndoa bomani kwao miaka miwili iliyopita, na huko mwanamke akiolewa anavuliwa jina la baba yake anavalishwa la mume! Ukoo wake wa kuzaliwa ni mwingine kabisa. Mtawala asihangaike. Ndizi zinakanyagwa sasa hivi.

Ila mtoto wa watu hawezi kuachwa bila ukoo. Nimemwingiza kwenye wetu, amekubali. Basi Jumapili pitia kwangu kabla ya kanisani, na njiani umwambie Karl kwamba sasa ana mama mkwe: asiusogelee mlango wangu bila mbuzi.