Dimbwi Nyuma ya Cherehani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada yangu mpenzi, hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, mume wangu mzima, cherehani nzima, namshukuru Mungu. Ulisema niache kukupigia simu nikifoka, niandike kidogo kidogo kila siku, halafu nikutumie kurasa zote pamoja. Basi naanza leo, na leo ndiyo siku yenyewe. Vita!

Nimetoka mkutanoni. Barabara mpya inakuja na kinamasi chetu kiko njiani. Ikipita upande wa juu, inafagia kibanda changu cha ushonaji. Ikipita upande wa chini, inafagia saluni ya wifi. Hakuna njia ya tatu. Wifi alikaa mstari wa mbele, kajipulizia manukato mpaka mwenyekiti akapiga chafya.

Afisa mipango ni binti mpole, viatu vya mpira hadi magotini. Akasema safari hii hawachori kwa rula tu. Kwanza watapima kazi ambazo maumbile yanatufanyia bure: maji yanayosafishwa, mafuriko yanayozuiwa, kivuli, nyuki wanaochavusha mashamba. Eti miaka yote kazi hizo hazikuingizwa kwenye mpango wowote, ndiyo maana zikifa hakuna anayejua zimekufa. Upande ambao maumbile yanachapa kazi zaidi utaachwa. Barabara itapita pale yanapojikalia tu.

Watu wakapiga makofi bila kuelewa. Mimi nilielewa. Nikamtazama wifi. Wifi akanitazama. Akanipa lile tabasamu lake la kumnyoa mtu bila maji.

Ijumaa afisa anakuja kukagua. Nimepiga magoti, nimemwomba Mungu anipe akili. Naona amenipa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimefungua dirisha la nyuma la kibanda. Sijawahi kulifungua tangu nihamie. Mama yangu! Dimbwi jeusi. Matete yamesongamana kama abiria. Vyura wananitazama kama wadai. Harufu! Na hapa ndipo afisa wa watu aje kuangalia maumbile yakifanya kazi? Kazi gani? Yamelala!

Nimemwuliza mume wangu yuko upande gani. Akasema dada ni dada, mke ni mke, na chakula kiko wapi.

Mchana akapita kwa dada yake "kumsalimia". Amerudi kanyolewa, ananukia. Nimembana. Akasema wifi hafanyi chochote. Yuko tu, anasuka watu. Upande wake matete yamefika dirishani na hata panga hajachukua. Mvivu yule! Nimecheka peke yangu hadi sindano ikanichoma.

Mpango wa kwanza: nyuki. Afisa aliwataja mwenyewe. Mwalimu wa kwaya ana mizinga. Nimemwambia naomba mmoja, nataka kuwaonyesha wageni uumbaji wa Mungu. Si uongo, Dada. Ni ukweli uliokunjwa pindo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mzinga umekuja alfajiri. Nimeuweka chini ya dirisha. Wametulia kabisa, wanaimba kama sauti ya nne. Nikajiona nimeshinda.

Kumbe nyuki hawapendi cherehani. Nilipokanyaga tu, wakaitika. Na nani alikuwa ndani akijaribu gauni? Bibi harusi wa Jumamosi, upande mmoja umeshonwa, upande mwingine umeshikiliwa na pini. Alitoka mbio. Pini zilidondoka njia nzima. Mama yake akaniita mimi mchawi wa nyuki. Nikamwambia apunguze sauti, hao wanasikia. Akapunguza.

Mimi nimeumwa kwenye sikio. Limevimba. Kuliko kulia nikaimba pambio.

Mwalimu wa kwaya amekuja kuchukua mzinga wake. Akauliza kama wageni waliuona uumbaji. Nikasema waliuona kwa karibu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Usiku nimewaza, asubuhi nimepata. Nyuki ni mapambo tu. Tatizo ni lile dimbwi! Mgeni haonyeshwi uchafu. Ukitaka mtu aone thamani ya nyumba, unafagia kwanza.

Nimemfukuza mume wangu kitandani. Jembe hili, mundu huu. Akauliza je, afisa kasema tufanye hivi? Nikamwambia afisa ni mtoto wa watu, ana haya, hawezi kumwambia mtu mzima kwamba kwake kunanuka.

Tumefyeka matete yote. Tumechimba mfereji kutoka dimbwini hadi mtaro wa barabarani. Maji meusi yakatoka glu, glu, glu, kama mtu anayemaliza soda. Vyura wakaondoka kwa mstari, wakubwa mbele, wadogo nyuma, hakuna hata mmoja aliyegeuka kuaga. Kufikia saa kumi pamekauka. Nimemwaga mchanga. Nimefagia mistari mistari. Nimeweka kiti cha plastiki katikati. Sebule!

Wifi akapita. Akasimama. Akatazama sana. Akasema, wifi yangu, kumbe una nguvu hivyo? Nikasema nguvu za Mungu. Akasema amina, amina, endelea hivyohivyo, ukipata nafasi ng'oa na ule mti wa kivuli nyuma ya kibanda. Kaondoka anatingisha mabega. Nilidhani analia.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Dada, nisikilize ukiwa umekaa.

Afisa amekuja. Fimbo ya kupimia, chupa za maji, ramani mkononi. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama. Akatazama ramani. Akatazama sebule yangu. Akatazama tena ramani. Akauliza dimbwi liko wapi. Nikamwambia kwa furaha kabisa: nimelitoa!

Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Nikamletea maji ya kunywa. Akayatazama yale maji karibu atoe machozi.

Ndipo akanieleza. Lile dimbwi ndilo lilikuwa linameza mvua yote ya kilimani. Yale matete ndiyo yalikuwa yanachuja uchafu kabla maji hayajafika kwenye visima vya huko chini. Kwenye ramani yake kibanda changu kilizungukwa na kijani kibichi kabisa, hakuna kijani kama hicho mtaa mzima. Alikuja leo kuthibitisha tu. Kuthibitisha tu, Dada!

Nikamwambia, mwanangu, mbona hukusema uchafu ndio kazi? Akasema alisema, mkutanoni, kwa picha. Kweli, picha zilikuwepo. Mimi nilikuwa nikimtazama wifi.

Akachukua kalamu, akaandika kitu kifupi. Nikajua ni kifupi cha hatari. Kibanda hiki nimekaa miaka yote ya ndoa yangu. Wateja wangu wanakuja kwa miguu. Nikihamishwa nitashonea nani, na wapi?

Baadaye akaenda kwa wifi. Nikamfuata kwa mbali, nyuma ya ukuta. Unajua nimeona nini? Vyura wangu! Wote! Wamehamia kwake, wanapiga kelele kama mkutano wa hadhara. Na wifi anamwonyesha afisa mmoja mmoja, eti hawa ni wenyeji wa siku nyingi. Mwongo! Yule mkubwa mwenye doa namjua kwa sura.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mvua.

Maji yameshuka kilimani yakakuta sebule yangu imefagiliwa. Hayakusimama hata kusalimia. Yameingia kwenye mfereji wangu, ule mzuri, ulionyooka, yakapaa. Yamevuka barabara. Yamejaa uwanja wa kanisa. Harusi ilikuwa inaanza! Yule bibi harusi wa pini ameingia kanisani amebebwa mgongoni na mjomba wake, gauni nililolishona limekunjwa hadi magotini. Mama yake akanitafuta kwa macho. Nikajificha nyuma ya waimbaji wa sauti ya kwanza.

Mume wangu akasema mfereji tumechimba vizuri, hakuna hata kona. Nilimtazama mpaka akaenda kuangalia kuku ambao hatufugi.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mchungaji amehubiri juu ya watu wanaohamisha mambo yaliyowekwa na Mungu bila kuuliza yaliwekwa kwa nini. Hakutaja jina. Kanisa zima likageuka. Nikageuka na mimi, nitazame ni nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Nimetubu. Kwa dhati, Dada. Nimesema Bwana, sitatumia akili zangu tena.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Afisa amerudi kuona mafuriko. Nikamwomba. Sikujipamba kwa maneno, nilimwambia tu kwamba nimekosea na sina pa kwenda. Akafikiri. Akasema mfereji ukizibwa leo, maji yakakaa, matete yatachipua tena, mizizi haijafa. Anaweza kuandika kwamba eneo linarejea, na wakubwa wake wataamua keshokutwa.

Nikaanza kujaza udongo kwenye viroba. Peke yangu, mume wangu amekwenda kazini. Jasho, tope, sikio bado limevimba. Nikasikia mtu anashuka nyuma yangu. Wifi! Kavua viatu, kashika koleo, nywele kazifunga kitambaa.

Nikamwuliza amekuja kucheka? Akasema kucheka alishacheka juzi, alicheka mpaka mteja akamwomba aache mkasi. Sasa maji yanayotoka kwangu yamefika kwenye kizingiti chake, taulo zote zimelowa, na visima vya chini vinatoa chai ya maziwa. Akasema, sogea huko, unashika koleo kama kijiko. Nikasogea.

Tumeziba. Akaleta mashina ya matete kutoka kwake, tukayapanda tukiwa ndani ya tope hadi magotini. Nikamwuliza na vyura je? Akasema vyura ni watu wazima, wataamua wenyewe. Tukacheka mpaka tukashikana tusianguke. Usimwambie mtu, lakini ni mwanamke mzuri yule, akiwa na tope.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mkutano. Sikula asubuhi. Wifi alikaa karibu nami, bila manukato.

Afisa akasimama akasoma. Eti mafuriko ya Jumamosi yamewaonyesha wakubwa kitu ambacho ramani peke yake haikuweza: upande wa juu na upande wa chini ni kitu kimoja, ukigusa huku kule kunalia. Kwa hiyo barabara imesogezwa itapitia machimbo ya zamani ya kokoto, ni mzunguko lakini hakuna tena cha kuharibu pale. Kinamasi chote kinabaki. Saluni inabaki. Kibanda changu kinabaki, kwa sharti moja. Wataangalia baada ya mvua za masika kama dimbwi limeshika maji. Lisiposhika, mjadala unafunguliwa upya na kibanda ni cha kwanza.

Mkutano ulipoisha akanishika mikono yote miwili. Akasema, mama, usiguse kitu. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akanitaka nirudie tena, mbele ya mume wangu. Nikarudia: sitagusa kitu.

Nimelia kwa furaha. Mungu ni mwema kupita kiasi.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Sijagusa kitu. Nimefungua tu dirisha. Dimbwi limeanza kujaa, linang'aa. Chura mmoja amerudi, yule mwenye doa, kakaa kama mwenye nyumba.

Lakini nimekaa nikalitazama. Nikajiuliza: kinachoogopwa ni nini? Ni maji kupotea. Na maji yanapotelea wapi? Chini! Chini pale ni udongo mtupu, Dada, unanyonya kama mtoto. Yaani kibanda changu kinategemea tope? Hapana. Nimempata fundi mwashi, mtu mcha Mungu. Atalisakafia dimbwi lote kwa saruji, chini na kando, halafu vigae juu yake. Halitavuja hata tone mpaka Yesu arudi. Afisa akija atashangaa!

Mume wangu amenikumbusha neno la jana. Nimemwambia nilisema sitagusa kitu, na sigusi, atagusa fundi. Amekwenda mbio kwa dada yake, sijui kumwambia nini.

Basi nakutumia kurasa hizi leo. Lipake goti mafuta, nakuombea kila asubuhi. Naomba unijibu upesi, kabla ya Jumamosi, fundi anataka kujua vigae viwe vya bluu au vya kijani.