Kitabu Kisichotisha cha Bi Akuorkor

Jumatatu, 1 Julai

Naapa kusema yote, hata yanayonifedhehesha. Kurasa hizi hazitasomwa na mtu hapa Teshie. Jumamosi nitazing'oa daftarini na kukutumia Tamale, dada Dedei, wewe unayesafisha vidonda vya watu bila kukunja uso.

Habari yenyewe. Ijumaa anakuja shuleni mwandishi, Bi Akuorkor Nikoi. Atachagua msichana mmoja wa kidato chetu aende Aburi likizo yote, kwenye darasa lake la uandishi. Mmoja! Unajua tangu lini nataka kuandika. Mwalimu Dromo amesema kila atakayesimama mbele ya mgeni awe amesoma angalau kitabu chake kimoja.

Tatizo: Bi Akuorkor huandika hadithi za kutisha. Ana tisa. Mimi hata majalada yake huyageuza yaelekee ukutani.

Mbinu: nianze na kilicho laini kuliko vyote. Shormeh Laryea amesoma vyote tisa na hachoki kututajia. Nikameza kiburi, nikamwuliza. Akanitazama kwa huruma. Akasema nianze na Chumba cha Mgeni, eti kinahusu ukarimu. Jaladani kuna maua. Akaniazima nakala yake mwenyewe. Huenda nimemhukumu vibaya miaka yote hii.

Jumanne, 2 Julai

Sikumhukumu vibaya.

Saa kumi jioni, karakana ya mjomba Tawia, anayechonga majeneza ya umbo lolote analotaka mteja. Nilijilaza kusoma ndani ya jeneza la umbo la pilipili, maana lina mto na halipigwi na upepo. Ukurasa wa kumi na tisa. Mgeni anatoa meno yake, anayaweka kwenye bakuli la maji. Meno yanaanza kutafuna. Nikapiga ukelele.

Huko Tamale huenda umesahau: tumo katika mwezi wa ukimya. Hakuna ngoma, hakuna mazishi, hata kumlilia maiti ni mwiko mpaka kuhani aruhusu. Karakana imejaa majeneza yanayosubiri. Na sasa mtaa mzima umesikia mwanamke akilia kwa mchonga majeneza!

Haikupita muda, watu wa kuhani wakawa mlangoni. Wanne, mzee Ataa Okpoti mbele, fimbo mkononi. Wakauliza nani amefariki. Mjomba akasema hakuna. Wakauliza basi anayelia ni nani. Hapo nikainuka kutoka ndani ya pilipili.

Wawili wakakimbia.

Mjomba akaeleza kuwa ni kitabu tu. Ataa Okpoti akakichukua, akasoma ukurasa mmoja amesimama, wa pili ameketi. Kisha akatamka kwamba kitabu hicho kinavunja ukimya, kitakaa kwake hadi ngoma zirudi. Mjomba akapewa onyo. Mimi nikapewa ufagio.

Siku tatu zimebaki. Sina kitabu.

Jumatano, 3 Julai

Maktaba. Mkutubi, Bwana Lartey, akanijulisha kwamba Shormeh amekuja asubuhi na kuazima saba kwa mpigo, eti anajikumbusha. Kimebaki kimoja: Mfuniko. Nikauliza kama kinamfaa mtu asiyependa kutishwa. Akavua miwani. Akasema hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Kinatokea kwenye karakana ya majeneza. Yeye alikisoma mwaka juzi, na mpaka leo sufuria zake anaziacha wazi.

Nikakichukua. Ningefanyaje?

Mbinu ya pili: nimempa mjomba akisome kwanza na kubandika karatasi juu ya kila ukurasa wa kutisha. Mjomba haogopi kitu. Alikisoma chote huku akisubiri rangi ikauke. Aliguna, akasahihisha vipimo kwa penseli, mara mbili akacheka. Mwishoni alibandika ukurasa mmoja tu, wa arobaini na moja, kwa gundi ya mbao. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwuliza humo kuna nini.

"Wewe bado mtoto, mama," akasema. "Huo nimekusomea mimi."

Alhamisi, 4 Julai

Nimekimaliza! Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Majeneza yanagonga kutoka ndani. Sasa je? Mbao mbichi hugonga, mimi hufanya hesabu za shule huku zikigonga. Mfuniko unainuka wenyewe. Bawaba za bei rahisi hizo. Fundi anakula madonge ya mahindi ya kenkey na samaki juu ya jeneza la mtu. Kwani sisi tule wapi? Nilisoma kama anayesoma barua kutoka nyumbani. Nilikipenda, dada. Nilisikitika kilipoisha.

Ila ukurasa wa arobaini na moja! Ni kitu gani kilimtetemesha mjomba Tawia, mtu anayelala mchana ndani ya bidhaa zake? Jioni nikaufukiza kwa mvuke wa sufuria. Gundi haikuachia. Ukurasa ukachanika vipande vipande.

Ijumaa, 5 Julai

Bi Akuorkor ni mfupi, mnene, ana mfuko wa karanga mapajani. Shormeh alisimama wa kwanza. Swali lake lilikuwa refu, lina "uwili wa nafsi" ndani yake mara tatu. Bi Akuorkor akamshukuru, akamenya karanga.

Zamu yangu. Nilikuwa nimepanga kusema kweli, kwamba nilikipenda Mfuniko kwa sababu hakikunitisha. Lakini unamwambiaje mpika pilipili kwamba chakula chake hakiwashi? Akauliza kama niliogopa. Nikasema sana. Akauliza ukurasa upi. Ulimi ukajibu wenyewe: wa arobaini na moja.

"Hebu nikumbushe, binti," akasema. "Humo kuna nini?"

Nikaanza kusema chochote. Nikasema mteja amekuja kuchukua jeneza la baba yake. Anavua viatu, anaingia ndani, anajinyoosha, anafumba macho. Fundi anamwuliza kama linatosha. Mteja anasema kwake yeye linatosha, ila baba anaomba upana uongezwe, hataki kulala peke yake. Kisha anatoka, anachomoa uzi mfukoni, anaanza kumpima fundi mabega.

Nyuma yangu kalamu ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

Bi Akuorkor akaacha kutafuna. Akafungua nakala yake, akausoma ukurasa wa arobaini na moja kwa sauti. Mteja anafika wakati rangi imekwisha kupakwa mara ya pili, anasema amebadili mawazo: hataki jeneza la samaki, anataka la ndege. Basi! Ukurasa mzima ni hivyo!

Darasa likaangua kicheko. Shormeh ndiye aliyemaliza mwisho. Bi Akuorkor aliandika kitu kwenye daftari lake bila kuniangalia. Mwalimu Dromo aliangalia dirisha. Nimekwisha, dada.

Jumamosi, 6 Julai

Nimechaguliwa!

Mwalimu Dromo aliileta barua mwenyewe na kuisoma karakanani bila kutabasamu. Bi Akuorkor anasema uongo wangu ulimtoa jasho, na mwongo wa namna hiyo afundishwe mapema kabla hajaingia kwenye siasa. Ila kuna sharti. Nifike Aburi baada ya wiki tatu nikiwa nimesoma vyote tisa, na nimweleze kweli ni wapi niliogopa. Neno "kweli" amelipigia mistari miwili.

Kwa hiyo nimepanga. Mfuniko tayari. Chumba cha Mgeni nitamwuliza Ataa Okpoti, amefika ukurasa wa mia mbili. Shormeh naye alikuja kunipongeza, akaniachia vile saba vya maktaba, akanishauri nianze na Mtoto wa Kisima. Eti kinahusu malezi. Jaladani kuna bata. Nilimwonea bure, ana moyo mzuri.

Sita vilivyobaki nimevifunga kwenye furushi hili. Visome wewe, dada, usiku wa zamu huko wodini. Kisha nijibu kwa basi la kwanza: katika hivyo sita, niliogopa zaidi wapi?