Siku Tatu Bila Salamu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa sosholojia katupangia utafiti. Kila mtu achague kanuni moja ambayo haijaandikwa popote lakini watu wote wanaifuata, aeleze nani anailinda na kwa njia gani. Mwenye kazi bora ataandikiwa barua ya kumpendekeza chuo kikuu. Barua moja! Sisi tuko kumi na tisa. Nikiikosa, Baba, fundi bomba, keshanitafutia nafasi nyingine: chini ya sinki za watu, namshikia spana.

Miwani, yule wa dawati la mbele anayeandika hata mwalimu akikohoa, kauliza maswali manne. Mimi sikuuliza. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wazo limenijia ngazini, namwamkia fundi cherehani wa mlango wa pili. Kwa nini namwamkia? Nikiacha, itakuwaje? Nilisisimka nikakosa kidato. Kuanzia kesho simsalimii mtu!

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi, jikoni. Mama kanitazama, akangoja. Nikamimina chai, kimya. Kaniuliza kama nimelala salama. Nikaandika: "Mhusika wa kwanza anampa mkosaji nafasi ya kujirekebisha." Kanigusa paji la uso kwa kiganja. Akamwambia Baba homa sina, basi ni kiburi.

Ngazini, makubwa. Fundi cherehani, rika la bibi yangu, kaniambia shikamoo yeye! Mara tatu, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Nikapita. Roho iliniuma, jamani. Huyu ndiye aliyenishonea sare tangu darasa la kwanza. Lakini utafiti ni utafiti.

Jumatano, 5 Machi

Dukani. Nimesema tu "mkate". Muuza duka kasema hakuna. Mikate imepangwa nyuma yake, naiona! Aliyekuja baada yangu kasalimu, kauliza hali ya watoto, kapewa miwili. Adhabu bila polisi wala mahakama! Nimeketi kwenye ukingo wa mtaro nikajaza kurasa tatu. Sijawahi kufurahi hivi kwa kunyimwa chakula.

Nyumbani Baba kauliza mkate uko wapi. Nikamweleza kwamba jamii inajilinda. Akasema hata yeye ataanza kujilinda.

Miwani nimemkuta ngazini kwetu, anaongea na fundi cherehani. Kanisalimia. Sikumjibu. Akaandika kitu. Kaishiwa mawazo maskini, anaokoteza mada kwa majirani zangu.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi kapigiwa simu, kaja mbio. Kikao sebuleni, mimi katikati. Kaniuliza nani kanikosea. Kimya, nisije nikaharibu utafiti. Kauliza kama ni mapenzi. Kimya. Fundi cherehani, naye kaitwa kikaoni, kasema kimya hicho ndicho jibu, ni mapenzi. Nikaandika: "Jamii ikikosa maelezo, inayatunga."

Kisha Mama akalia. Hapo nilitaka kuitupa kalamu na kumwambia yote. Ila nikajiuliza: machozi haya ni adhabu au ni ombi? Sijui! Swali zuri mno. Nikaliandika kwanza, na nilipoinua kichwa Mama keshatoka.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kuwasilisha. Miwani katangulia. Mada yake: jinsi majirani wanavyomtendea kijana aliyeacha kusalimia. Mimi! Kurasa thelathini! Kamhoji Shangazi, kamhoji Baba, kamhoji mpaka Mama. Kagundua kwamba siku ya pili tu hasira iliisha, watu wakaanza kumhurumia mama wa kijana. Mkate niliokula jana asubuhi aliuleta muuza duka mwenyewe, kwa siri. Nilikuwepo na daftari langu, sikujua! Ningejuaje, na hakuna aliyeniambia?

Nami nikawasilisha yangu, lakini barua kachukua Miwani. Darasa zima makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya kipindi Mwalimu kaniita. Kasema nina macho lakini sina adabu. Barua ya pili ataiandika kwa sharti moja: hadi Jumatatu niwe nimewaomba radhi wote niliowapita bila salamu, mmoja mmoja. Atawauliza mwenyewe. Nilikaribia kumbusu mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Orodha ina watu ishirini na wawili. Fundi cherehani kanisamehe kabla sijamaliza sentensi, kisha kanikalisha na kunisomea makosa yangu nusu saa. Muuza duka kanisema kwanza, akanisamehe mwisho. Ajabu! Kwa nini mmoja anaanzia huku na mwingine kule? Na asiyeombwa radhi kabisa, je? Atasamehe mwenyewe? Baada ya siku ngapi? Kurasa thelathini za Miwani hazina hata neno moja juu ya hili!

Wamebaki ishirini. Nimeandika vikaratasi, nimevichanganya kwenye sufuria, nimepiga kura. Kumi nitawaomba radhi. Kumi siwaombi, nawaangalia tu.

Mama kaangukia kundi la pili. Yuko mlangoni sasa hivi, anauliza kwa upole kama nina neno la kumwambia. Nimetazama saa, nimeandika dakika.