Mimi Atomu, Juu ya Turubai ya Mwalimu Baluku

Leo nimeumbuka. Nimelala chali juu ya turubai yenye sabuni, mbele ya wazazi wote wa shule yetu hapa Bwera, mpakani na Kongo, mikono yangu imezunguka kiuno cha Mama Masika. Na Mwalimu Baluku, badala ya kututenganisha, anawaambia watoto: "Mnaona? Atomu zimeshikana."

Ngoja nirudi nyuma, msinihukumu.

Mama Masika ni mjane kutoka Butembo, anauza vitenge sokoni. Jumapili hii napeleka posa kwa kaka yake, Kambale. Leo ilikuwa siku ya wazazi, Kambale yuko, nikavaa suti. (Ile moja. Mnaijua.)

Baluku, mwalimu wa sayansi, akatandika turubai yake ya kuanikia kahawa, akaimwagia maji ya sabuni. Akasema ndani ya penseli kuna utando juu ya utando. Ukibandua mmoja tu, mwembamba kuliko kitu chochote, huo ndio grafini. Atomu za dhahabu ukiziweka juu yake hazishiki. Zinateleza huku na huku, na zikikutana zinang'ang'aniana zenyewe.

"Turubai ndiyo grafini. Nataka wazazi wawe dhahabu. Nani mzito?"

Nikasimama. Kambale alikuwa anatazama. (Shule niliiacha mapema, lakini dhahabu ni dhahabu.) Mama Masika naye akavua viatu, akapanda akicheka. Wazazi wengine wakafuata.

Jamani, mto ulibeba nyumba yangu kule Bulembia, mimi nikabaki nimesimama. Leo sabuni ndiyo imeniangusha. Nilipiga hatua moja, miguu ikaenda Kongo, kichwa kikabaki Uganda. Nikateleza mpaka kisigino kikaingia kwenye tundu la turubai, kikakwama. Wote wakaja kuniangukia, Mama Masika wa kwanza. Nikashika kilichokuwa karibu.

"Baba, uniachie. Batu beko banaangalia," akasema kwa Kiswahili chao cha Butembo, yaani watu wanatazama.

"Nikikuachia nitaanguka."

"Si umeisha kuanguka?"

Baluku kafurahi kama amepata mtoto: "Penye tundu atomu hunasa, na zingine hujikusanya hapohapo!"

Kambale akainuka polepole. "Mzee, posa haiyafika, mikono imeshafika?" Akamchukua dada yake, wakaenda. Viatu vya Mama Masika ninavyo mimi.

Baluku, uko kwenye grupu hii, naona umesoma. Turubai ni yako, tundu ulilijua. Jumapili utanitangulia kwa Kambale, useme mbele ya ukoo wao ni nani aliyemshika dada yao: mimi, ama grafini. Jibu.